Mlio Ukome Lini: Safari ya Nyuzi Bapa za Gitaa la Besi

Mwaka 1965 John Entwistle, kijana wa London aliyekuwa akipiga besi katika bendi ya The Who, alikuwa na shida ambayo maduka ya muziki hayakuweza kuitatua. Bendi yake ilikuwa inaandaa wimbo wa "My Generation", na ndani yake kulikuwa na jambo adimu sana katika roki ya siku zile: besi ipewe muda wake peke yake, isikike waziwazi kama linavyosikika gitaa la solo. Nyuzi alizozitaka, zenye mlio mkali unaokaribia wa piano, alizikuta kwenye gitaa la Danelectro, chapa ya bei ya chini kutoka Marekani. Zilikuwa nyembamba, zikakatika. Alipotafuta nyingine aligundua kwamba Danelectro zinauzwa lakini nyuzi zake peke yake haziuzwi, ikabidi anunue gitaa jingine zima ili apate nyuzi nne. Mwishowe wimbo ulirekodiwa kwa gitaa la Fender. Mtu hanunui gitaa zima kwa ajili ya nyuzi ila awe na kitu anachokikimbia, na Entwistle alikuwa anazikimbia nyuzi ambazo karibu kila gitaa la besi la wakati huo lilifungwa nazo: nyuzi bapa.

Tulitazame kwanza umbo la nyuzi hizo. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi, ule wa E, hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Ili uzi wenye urefu wa sentimita 86 utetemeke polepole kiasi hicho bila kulegea, lazima uwe na uzito. Waya mmoja mnene ungekuwa na uzito huo, lakini ungekuwa mgumu kama nondo na mlio wake usingefaa. Kwa hiyo fundi huchukua kiini chembamba cha feleji na kukizungushia waya mwingine, tabaka juu ya tabaka. Uzito unaongezeka na uzi unabaki kuwa mwepesi wa kupinda. Tofauti kubwa iko kwenye tabaka la nje. Likiwa la waya wa mviringo, uzi unakuwa na matuta kama ya skrubu: kidole kikiteleza kinakwaruza, na mlio unang'aa na kukaa. Likiwa la utepe bapa, kingo za utepe hukutana, uzi unakuwa laini kama kijiti kilichopigwa msasa, na mlio huanza kwa kishindo, sauti zake kali zikafa upesi, ukabaki uzito wa chini ambao nao haukawii kunyamaza. Watu wengi hulinganisha nyuzi hizi mbili kama wanavyolinganisha rangi, moja imekolea mwanga na nyingine imefifia. Naona ulinganisho huo unatupeleka kando. Swali ambalo nyuzi hizi zimekuwa zikilijibu tangu miaka ya 1950 ni mlio ukome lini, na jibu la nyuzi bapa kwa swali hilo ndilo lililoipa besi ya umeme kazi yake katika muziki. Walioziweka pale mwanzoni walikusudia jambo jingine kabisa.

Asili ya utepe huo haiko kwenye gitaa. Kwa karne nyingi nyuzi za Ulaya zilisokotwa kwa utumbo wa kondoo, na zile za chini zilikuwa nene mno, nzito mkononi, na mlio wake ulikuwa kama umefunikwa blanketi. Kufikia miaka ya 1660 watengenezaji walikuwa wameanza kuuzungushia utumbo waya wa chuma. Mwaka 1664 mchapishaji John Playford wa London alikuwa tayari anawatangazia wasomaji wake uvumbuzi huo. Huko Bologna, Italia, besi za upinde zilizolazimika kuwa na mwili mkubwa ili zifike chini ziliweza sasa kupunguzwa, na wanahistoria wengi wa ala wanaamini kwamba selo tunayoijua ilizaliwa hapo. Nalitaja jambo hili kwa sababu tumezoea kudhani kwamba ala huja kwanza na uzi hufuata kama nguo ifuatavyo mwili, kumbe mara nyingine uzi ndio unaoukata mwili. Baadaye tabaka la nje la nyuzi za jamii ya fidla likawa la utepe bapa, kwa sababu iliyo wazi: nywele za upinde zikipita juu ya matuta zitakwaruza. Aliyewahi kuketi karibu na kikundi cha taarabu cha Unguja, chenye fidla na ile besi kubwa ya kusimama, ameziona nyuzi hizo, laini toka juu hadi chini. Ulaini ule ulikuwa wa upinde. Ukarithiwa na vidole.

Urithi huo ulifika Fullerton, California, mwaka 1951, pale Leo Fender, fundi wa redio ambaye mwenyewe hakuwa mpiga gitaa, alipoanza kuuza Precision Bass. Gitaa la besi la umeme halikuwa wazo geni kabisa. Paul Tutmarc wa Seattle alikwisha kulijaribu katika miaka ya 1930 na soko halikumjali. Fender ndiye aliyelifanya lishike, na alikuwa anatatua tabu za watu halisi. Besi kubwa ilikuwa mzigo wa kubeba, ilikuwa rahisi kuvunjika, na katika bendi yenye tarumbeta na gitaa la umeme haikusikika. Kifaa kipya kilikuwa na freti, hivyo noti ilitoka sahihi bila kubahatisha, ndiyo maana ya jina lake. Na mpigaji aliweza kukitia garini. Nyuzi za Fender zilitengenezwa na kampuni ya V. C. Squier ya Battle Creek, Michigan, ambayo kampuni ya Fender iliinunua mwaka 1965. Kwamba zikawa bapa si jambo la kushangaza. Waliotarajiwa kukinunua walikuwa wapiga besi kubwa wenye vidole vilivyozoea ulaini. Waya wenye matuta ungezila freti kama tupa. Na mikwaruzo ya vidole ingepita ndani ya amplifaya na kuwafikia wasikilizaji. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo inayohusu uzuri wa sauti.

Kuna ushahidi mwingine ambao watu huupita haraka, nao ni kifuniko cha chuma kilichowekwa juu ya daraja la gitaa lile. Ndani ya kifuniko kulikuwa na kipande laini kilichogusa nyuzi na kuuzima mlio kabla haujajinyoosha. Ukiunganisha uzi ambao kwa asili yake haukai na kipande kinachouwahi, unapata gitaa ambalo noti yake ni kama hatua ya mguu: inakanyaga, inainuka. Walichokusudia ni kuiga. Besi kubwa ikidonolewa kwa kidole hunyamaza upesi, na waliotaka kuirithi nafasi yake walitaka wanyamaze kama yenyewe. Lakini kuiga kule hakukufanikiwa, na hapo ndipo historia ilipogeuka. Besi kubwa ina mwili wa mbao unaotoa pumzi, na noti zake zina ukungu pembeni. Precision yenye nyuzi bapa haikuwa na ukungu: kila noti ilikuwa na mwanzo wake, kimo chake kamili, na mwisho wake. Kwenye fomu za malipo ya wanamuziki Marekani iliandikwa kwa miaka mingi "Fender bass", kana kwamba ni ala ya tatu isiyo gitaa wala besi. Naona walioandika hivyo walisikia vizuri.

Mtu aliyeonyesha ala hiyo ya tatu inaweza kusema nini ni James Jamerson. Alizaliwa mwaka 1936 katika kisiwa cha Edisto, South Carolina, akahamia Detroit katika ujana wake, na kabla ya kushika gitaa la umeme alikuwa mpiga besi kubwa wa jazi. Katika studio ya kampuni ya rekodi ya Motown, nyumba ya kawaida iliyoko West Grand Boulevard, alitumia Precision ya mwaka 1962 iliyofungwa nyuzi bapa za La Bella, nzito kuliko ambazo wengi wangevumilia, zenye unene kuanzia milimita 1.3 hadi karibu 2.8. Aliziinua juu ya shingo ya gitaa kiasi cha kuwashinda wengine, akaacha sifongo chini ya kifuniko, akadonoa kwa kidole kimoja tu cha shahada. Hakuzibadilisha mpaka zikatike. Aliamini kwamba uchafu uliojikusanya ndio ulioshika ladha. Sasa sikiliza "I Was Made to Love Her" ya Stevie Wonder au "Bernadette" ya Four Tops, zote za mwaka 1967, ufuate besi peke yake. Noti ni nyingi mno. Zinapanda kwa hatua za nusu, zinaruka, zinaingia katikati ya mapigo ambapo hakuna aliyezitarajia, na bado mwimbaji hasongwi, ngoma hazifunikwi, na mwenye kucheza anaijua ardhi iko wapi. Hilo linawezekana kwa sababu kila noti inaondoka kabla ya mwenzake kuingia. Zipige noti zilezile kwa nyuzi zinazokaa, bila kuzizima kwa kiganja, na mikia yake itapandana. Wingi ule utakuwa kelele. Jamerson alipata uhuru wa kusema mengi kwa sababu uzi wake ulimnyamazisha kwa wakati.

Hapa wapiga besi wenyewe hutoa pingamizi, na ni pingamizi la watu wanaojua kazi: sauti iko vidoleni, si kwenye nyuzi. Mpe Jamerson gitaa lolote, wanasema, atabaki kuwa Jamerson. Kuna ukweli ndani yake. Mwanafunzi anayenunua seti ya nyuzi zilezile hapati ile mistari, na muda wa mtu, namna anavyochelewa au kuwahi kwa unywele, hauuzwi kwenye pakiti. Lakini pingamizi hili linachukulia kwamba vidole hutoa amri na uzi hutii. Mpigaji yeyote husikiliza anachokipiga wakati anakipiga, na kinachomrudia sikioni ndicho kinachoamua atafanya nini baada ya hapo. Uzi unaokoma humwalika ajaze. Uzi unaokaa humwambia asubiri. Mtu aliyekaa na mwaliko mmoja masaa mengi kila siku, mwaka hadi mwaka, hujenga lugha yake juu ya mwaliko huo. Jamerson alikuja na sikio la jazi na kidole kilichokomazwa na besi kubwa. Nyuzi bapa zikampa mahali pa kuviweka. Kuvitenganisha vidole na nyuzi ni sawa na kuuliza kama mwendo wa nahodha uko kwenye usukani au kwenye upepo.

Kama lingekuwa jambo la mtu mmoja tungeweza kuliita kipaji na kuliacha hapo. Lakini katika miaka hiyohiyo jibu lilelile lilisikika katika miji isiyofanana. Memphis, kwenye studio za Stax, Donald "Duck" Dunn alipiga mistari iliyo kinyume kabisa na ya Jamerson, michache na iliyorudiwarudiwa, naye kwa nyuzi bapa. Los Angeles, Carol Kaye, aliyetoka kwenye gitaa la kawaida, alizipiga kwa pleki huku akizima nyuzi kwa kitambaa. Kishindo cha pleki kilimpa mwanzo mkali ambao uzi wenyewe hautoi, na kitambaa kikaukata mwisho, hivyo noti yake ikawa fupi na iliyo wazi hata kwenye spika ndogo ya redio. Paul McCartney alinunua Höfner yake Hamburg mwaka 1961, gitaa jepesi lenye uwazi ndani na nyuzi bapa za Kijerumani, na mlio wake laini ndio unaobeba nyimbo za kwanza za Beatles. Watu hawa hawakuwa na mtindo mmoja. Walikuwa na noti ya aina moja, yenye mwisho wake, na kila mmoja akaitumia kujenga nyumba tofauti.

Mfano unaonigusa zaidi uko Kingston. Aston "Family Man" Barrett, mpiga besi wa Bob Marley and the Wailers aliyefariki mwaka 2024, alitumia Fender Jazz yenye nyuzi bapa. Rege ni muziki wa mapengo. Pigo la kwanza la kipimo mara nyingi huachwa tupu, gitaa hukata kwenye pigo la nyuma, na besi ndiyo inayoimba wimbo wa pili chini ya mwimbaji. Wimbo huo wa pili unaeleweka kwa sababu kuna kimya kati ya sentensi zake. Uzi wa mviringo ungekijaza kimya kile kwa mng'aro wake; uzi bapa unatoa noti nzito kama gunia la unga linaloshushwa sakafuni, kisha unaiachia nafasi. Barrett alikuwa jukwaani na Marley katika uwanja wa Rufaro mwezi Aprili 1980, usiku Zimbabwe ilipopata uhuru. Katika bara letu rege imekaa kuliko mitindo mingi iliyotoka ng'ambo, na sehemu kubwa ya kile ambacho miili yetu imekipenda ndani yake ni besi ile inayojua kunyamaza.

Turudi kwa Entwistle, maana hakukata tamaa. Mwaka 1966 alikwenda na gitaa lake kwa Rotosound, kampuni ya James How iliyokuwa Sidcup, Kent, kwa sababu nyuzi za mviringo zilizokuwapo hazikutetemeka sawasawa kwenye zile mbili nene. Wakajaribu pamoja, wakarekebisha, na kutoka hapo ikatoka seti iliyoitwa Swing Bass, ambayo bado inatengenezwa. Nampa heshima yake yote. The Who walikuwa bendi yenye mpiga gitaa mmoja, mpiga ngoma asiyetulia, na amplifaya zilizokuwa zinakua mwaka hadi mwaka. Katika kelele ile noti fupi ya chini ingezama. Alihitaji noti inayopenya na kudumu, na akaenda kiwandani kuitafuta.

Tukio hilo ndilo linalonisaidia kujibu pingamizi la pili, la watu wa mitambo. Wanasema nyuzi bapa zilitawala kwa sababu hapakuwa na njia nyingine: teknolojia ilikuwa changa, maikrofoni na spika hazikuweza kubeba sauti kali za besi, na zilipoweza, watu wakahama. Kama ni hivyo basi historia yote niliyoieleza ni ya umaskini wa vifaa. Lakini waya wa mviringo haukuwa siri. Nyuzi nene za gitaa la kawaida zilizungushwa waya huo miaka yote. Danelectro ilikuwa sokoni na besi yenye mlio mkali tangu miaka ya 1950. Nashville walikuwa na desturi ya kuifuatisha besi kubwa kwa gitaa la besi la nyuzi sita, lililozimwa kwa kiganja, ili noti ipate ncha ya kusikika redioni. Yaani waliijua sauti kali, walikuwa nayo chumbani, na waliitumia kama kitoweo pembeni huku wakiuacha ugali mahali pake. Hawakuona sababu ya kuupa mlio usiokoma kazi ya chini, mpaka muziki wenyewe ulipoanza kuomba.

Na katika miaka ya 1970 uliomba kwa nguvu. Chris Squire wa Yes aliifanya besi ing'ate kama gitaa. Stanley Clarke akaitoa mbele ya jukwaa, na albamu yake "School Days" ya 1976 ni ya mpiga besi anayeongoza bendi. Upigaji wa dole gumba, ambao unategemea mpasuko wa chuma kwenye freti, ukaenea katika funk. Mwaka huohuo wa 1976 Jaco Pastorius alitoa albamu yake ya kwanza, na yeye alifanya jambo lililotazamiwa kuharibu gitaa: aliweka nyuzi za mviringo za Rotosound kwenye shingo isiyo na freti. Waya wenye matuta hukereza mbao, kwa hiyo akaipaka shingo epoksi ngumu ya aina ya wajenga mashua. Matokeo yake ni noti inayoimba, inayovuta, inayokaa mpaka mpigaji aitingishe iishe. Mtu mwenye masikio hawezi kuidharau sauti ile, nami siidharau. Natambua tu kwamba kila mmoja wao alikuwa anataka noti isikome. Besi ilikuwa inahama kutoka kuwa sakafu na kuwa msemaji, na uzi wa mviringo ulikuwa uzi wa wasemaji. Bei pia ilichangia, kwani utepe ni lazima ubapishwe kwanza, kisha uzungushwe bila kuacha mwanya, na kazi hiyo ya ziada huonekana dukani mpaka leo.

Aliyeumizwa na kuhama huko ni yuleyule aliyeijenga sakafu. Motown iliondoka Detroit mwaka 1972 ikaenda Los Angeles, na Jamerson akaifuata. Mji ule ulitaka vifaa vipya na besi inayong'aa. Yeye akabaki na Precision yake, nyuzi zake nzito na kidole chake kimoja. Pombe ilikwisha kumdhoofisha, wala sitaki kuuficha mchango wa pombe hiyo nyuma ya historia ya waya. Lakini mtu aliyekuwa amesikika katika kila nyumba yenye redio Marekani alianza kupungukiwa kazi wakati ambao alichokijua kilihesabiwa kuwa sauti ya jana. Gitaa lake liliibwa siku chache kabla ya kifo chake tarehe 2 Agosti 1983, akiwa na umri wa miaka 47. Katika rekodi nyingi za Motown jina lake halikuandikwa kwenye jalada. "What's Going On" ya Marvin Gaye, mwaka 1971, ni miongoni mwa zile chache za mwanzo zilizomtaja.

Sasa nyuzi bapa zimerudi madukani kwa wingi, na hapo ndipo pingamizi la tatu linapokuja: kwamba huku ni kutamani ya kale, watu wanavaa koti la babu ili waonekane kama babu. Wapo wa namna hiyo. Lakini pingamizi hili haliwezi kumweleza Steve Harris, aliyeanzisha Iron Maiden mashariki ya London mwaka 1975 na kuiongoza mpaka leo kwa besi ya haraka, ya kukimbia kama farasi, iliyo mbele kabisa ya mchanganyiko wa sauti. Nyuzi zake ni bapa, za Rotosound, kampuni ileile iliyompa Entwistle silaha yake. Anazitumia kwa sababu ninayoiona wazi kwenye mistari yake: noti tatu tatu za kasi, zikipigwa kwa vidole, zinahitaji kila moja ikatike ili ya pili isikike. Hamwigi mtu wa Detroit. Amelikuta swali lile njiani, akalijibu vivyo hivyo. Pino Palladino naye, aliyejulikana miaka ya 1980 kwa besi isiyo na freti yenye noti ndefu zinazolia, alichukua Precision na nyuzi bapa alipofanya kazi na D'Angelo kwenye "Voodoo" ya mwaka 2000. Muziki ule ulihitaji besi inayochelewa makusudi nyuma ya ngoma, na ucheleweshaji hausikiki kama noti iliyotangulia bado inalia.

Kwa hiyo anayetaka kulinganisha seti za leo asianze kwa kuuliza ipi inang'aa. Aangalie kiini, mkazo na madini ya utepe, kisha asikilize mwisho wa noti. La Bella ni chapa ya familia ya watengenezaji wa nyuzi iliyotoka Salle, kijiji cha milimani Abruzzo, Italia, ambako watu walisokota utumbo wa kondoo kwa vizazi; na ni kijiji hichohicho alikotoka Rocco D'Addario, aliyefika Queens, New York, mwaka 1905. Wana wa kijiji kimoja, na leo nyuzi bapa za kampuni zao zinapingana. Seti nzito ya La Bella ina mkazo mkubwa, hairuhusu kidole kizembe, na noti yake inaanguka chini na kubaki pale. Chromes za D'Addario zinatoka kwenye pakiti na mng'aro mwingi kiasi kwamba anayezisikia siku ya kwanza anaweza kudhani si bapa; ni uzi wa mtu anayetaka ulaini bila kuipoteza ncha. Thomastik-Infeld, kampuni iliyoanzishwa Vienna mwaka 1919 kwa ajili ya nyuzi za fidla, inatengeneza seti ya nikeli yenye uzi mwembamba wa milimita 1.1 na mnene wa 2.5, yenye mkazo mdogo kuliko wa wengine wote ninaowataja. Inayumba chini ya kidole kama kamba ya nguo, na noti yake inakaa muda mrefu na kuimba katikati. Anayetoka kwenye nyuzi za La Bella na kuzigusa hizi anaweza kuona zimelegea, na anayetoka kwenye hizi akazigusa zile atasema ni nondo. Zote ni bapa.

Watengenezaji wa nyuzi wa Pyramid wako Bubenreuth, mji mdogo wa Bavaria ambako mafundi wa ala waliofukuzwa mji wa Schönbach, Bohemia, baada ya Vita Kuu ya Pili walianza maisha upya, Höfner wakiwa miongoni mwao. Utepe wao wa nikeli tupu hutoa sauti ya joto inayolingana na gitaa jepesi lenye uwazi ndani; ukiufunga kwenye gogo zito la Precision utapata kitu kingine. Rotosound nao hutumia moneli, aloi ya nikeli na shaba, yenye ukali wa katikati unaopenya gitaa mbili za umeme zikipigwa kwa pamoja. Kama ningelazimika kuchagua moja kwa ajili ya mtu anayejifunza, ningempa ya mkazo wa wastani na kumkataza kuihukumu kabla ya mwezi kupita. Uzi wa mviringo hufa kwa jasho na uchafu unaojaza matuta yake, na anayeupenda huubadilisha mara kwa mara ili airudie siku ya kwanza. Uzi bapa hauna matuta ya kujaza kiasi hicho. Unapoteza mng'aro wa kiwandani polepole, kisha unatulia, na unaweza kukaa katika hali hiyo miaka.

Ndiyo maana seti ya Jamerson inanunulika na hainunuliki. La Bella bado wanaiuza kwa vipimo vyake, na mtu yeyote anaweza kuifunga kwenye Precision, akaweka sifongo chini ya kifuniko na kuinua nyuzi kwa kadiri aliyoinua yeye. Atapata uzito uleule na mkazo uleule. Mlio utakuwa bado mpya, na mwisho wa kila noti utakuwa mrefu kidogo kuliko ule uliosikika kwenye rekodi, kwa sababu nyuzi zile zilikuwa zimekwisha kupigwa kila siku, kwa kidole kimoja, tangu kabla ya wimbo uliorekodiwa kutungwa.